Panja la Kushoto

Kinyozi alikula kiapo mbele ya mkewe, mkono mmoja kifuani na mwingine umeshika mashine ya kunyolea, kwamba kwa siku kumi na moja hatamfuata, hatawapigia simu rafiki zake, wala hatamtuma mtu amchungulie. Alipoapa alikuwa mkweli kabisa. Watu wenye wivu ndivyo walivyo, huwa wakweli mpaka saa nne asubuhi.

Mkewe alikuwa mgawa barua wa posta, na mtaa mzima ulimwita Mama Barua. Kwa miaka ishirini na sita alizunguka na baiskeli nyekundu, mkoba begani, na hakuna mbwa wala geti lililomshinda. Alipostaafu hakutaka sherehe. Alitaka safari moja tu: kilomita mia nne na tisini, peke yake, kwa baiskeli, akawaone wenzake wanne aliosoma nao kazi ya posta enzi za ujana. Kila mmoja alipangiwa mji wake na hawakukutana tena wote pamoja. Siku hizi mmoja anashona magauni, mwingine ana duka la rangi, wa tatu bado yuko posta, na wa nne, Mama Miche, anauza miche ya miti. Wanawake watatu, mwanamume mmoja. Kinyozi aliwasamehe wanawake watatu palepale. Huyo mmoja ndiye aliyemkaa kooni.

Jina lake la utani lilikuwa Kipenga, kwa kuwa hakuweza kupanga barua bila kupiga mluzi. Ndiye aliyemfundisha Mama Barua kupanda baiskeli, akimkimbilia nyuma huku ameshika kiti. Hilo la kushika kiti Kinyozi alisimuliwa mara moja tu, mwaka wa kwanza wa ndoa, na hakulisahau tena. Na siku ya harusi Kipenga huyohuyo alikuja kuwa shahidi. Akatia sahihi kwa mkono wa kushoto, akapitisha kiganja juu ya wino, akachafua karatasi. Miaka ishirini na mbili imepita na Kinyozi bado akifungua kile cheti huliangalia lile doa kabla ya kuangalia jina lake mwenyewe.

Si kwamba Mama Barua hakumjua mumewe. Alimjua nje ndani. Mwaka uleule wa kwanza Kinyozi aliazima baiskeli akawa anamfuata kazini, mtaa kwa mtaa, anajificha nyuma ya rundo la mbao, nyuma ya tangi la maji, anachungulia nani anapokea barua na mkewe anacheka naye kiasi gani. Siku ya tatu Mama Barua alisimama, akarudi mpaka kwenye rundo la mbao, akamtwika mkoba. "Kama unanifuata, beba," akamwambia. Kinyozi akabeba mpaka saa nane mchana, mtaa mzima unamcheka. Kwa hiyo safari hii mkewe alimweleza mapema, kwa sauti ya upole ambayo Kinyozi aliiogopa kuliko kelele.

"Fundi," alisema, maana hata nyumbani alimwita Fundi, "mimi nimechoka kuulizwa. Siku kumi na moja tu. Ukinifuata, nitajua kwamba hata nikizeeka nimepinda mgongo utakuwa nyuma ya rundo la mbao. Na hapo sitajua nakurudia kwa lipi."

Ndipo akaapa.

Siku mbili za kwanza alijikaza kiume. Saluni yake ilikuwa chumba kimoja chenye kioo kirefu, viti viwili vya kupandisha kwa kanyagio, rafu ya poda na spiriti, na benchi la wanaosubiri. Aliyesubiri muda wote, awe na nywele au asiwe nazo, alikuwa mwalimu mmoja mstaafu aliyekuja kusoma gazeti la bure.

"Mama Barua kafika wapi leo, Fundi?"

"Kwa mshonaji. Kafika salama."

"Peke yake?"

"Sasa unataka aende na nani?"

"Nauliza tu," alisema Mwalimu, akafungua gazeti kwa raha ya mtu aliyeshatupa kiberiti.

Mama Barua aliandika mara mbili kwa siku. Asubuhi: naondoka, mawingu yapo, mgongo unauma. Jioni: nimefika, kilima kile nilikipanda kwa miguu, usinicheke. Na picha. Picha ya kwanza ilimwonyesha kwenye kochi la mshonaji, wanawake wawili wameegemeana, mkewe kinywa wazi anacheka mpaka fizi zinaonekana. Kinyozi aliitazama picha ile huku mteja kwenye kiti kanyolewa upande mmoja. Cheko lile hakulijua. Nyumbani mkewe alicheka, ndiyo, lakini kwa kipimo. Aliyepewa fizi zote hizo ni mshonaji! Akajikuta anamwonea wivu mwanamke wa miaka hamsini na tano mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

Ya pili ilitoka duka la rangi. Mkewe kashika brashi, shavu lina bluu. Kinyozi akajiuliza bluu hiyo ilifutwa na nani. Akajijibu kwamba mkewe aliifuta mwenyewe kwa maji na sabuni, akajishukuru kwa busara yake, kisha akawaza tena, na mteja akapiga kelele, "Sikio, Fundi! Sikio!"

Siku ya tano mkewe akafika kwa Kipenga. Akaandika: nimefika, mvua imenipiga, nitapumzika hapa siku mbili tairi ya nyuma irekebishwe. Siku mbili! Mshonaji alipata usiku mmoja. Wa rangi alipata usiku mmoja. Kinyozi aliuma meno lakini akajibu, pumzika, mke wangu. Alijivunia jibu hilo kiasi cha kumsomea Mwalimu kwa sauti.

"Siku mbili kwa tairi moja," Mwalimu alisema. "Posta ya kule lazima ina mafundi wapole."

Kesho yake adhuhuri ikaja picha ya tatu.

Mkewe alikuwa peke yake mbele ya ukuta mweupe, anatabasamu. Na nywele zake zilikuwa zimenyolewa.

Hapa lazima tumwelewe Kinyozi, hata kama hatumpendi. Kila Jumamosi ya pili, kwa miaka ishirini na mbili, baada ya mteja wa mwisho kuondoka alasiri, Mama Barua aliingia saluni, akakaa kwenye kiti cha dirishani, akafungiwa kitambaa shingoni, na mumewe akamnyoa. Nywele fupi, za kushika kofia ya kazi. Saa nzima, kwa kichwa ambacho angeweza kukimaliza kwa dakika kumi. Hakuna mkono mwingine uliowahi kupita pale, na Kinyozi aliwaambia wateja hivyo, tena bila kuulizwa. Jumamosi iliyotangulia safari kulikuwa na kundi la bwana harusi na wapambe wanane, foleni mpaka nje, na Kinyozi alimwambia mkewe, "Utarudi tutafanya." Sasa kazi ilikuwa imefanywa, na si yeye aliyeifanya.

Alikaa kwenye kiti cha wateja. Akaivuta picha kwa vidole viwili, akaikuza, akaikuza, mpaka uso wa mkewe ukatoka nje ya skrini na kubaki mstari wa nywele tu, zile pembe mbili juu ya paji la uso ambazo vinyozi huziita mapanja. Kinyozi aliyesoma kazi huyasoma mapanja kama karani anavyosoma mwandiko. Kila mkono una kilema chake. Mkono wa kulia ukifika ng'ambo ya kichwa hupandisha panja la kushoto la mteja, kidogo tu, unene wa unyasi. Mkono wa kushoto hupandisha la kulia. Mteja haoni. Mama yake haoni. Kinyozi huona.

Panja lililopanda lilikuwa upande wa kushoto wa picha.

Mtu asiyejua angesema kushoto ni kushoto, akalala usingizi. Lakini Kinyozi alikuwa ameishi maisha yake yote mbele ya kioo, na somo la kwanza alilompa kila aliyejifunza kwake ni kwamba picha si kioo. Kwenye kioo, kushoto kwako hubaki kushoto. Kwenye picha mtu amekukabili uso kwa uso, kwa hiyo kushoto kwa picha ni kulia kwake. Basi panja lililopanda ni la kulia. Na panja la kulia hupandishwa na mkono wa kushoto.

Akaliona lile doa la wino kwenye cheti cha ndoa.

"Mwalimu," aliita. "Mtu akishika kichwa cha mke wako, ameshika nini?"

Mwalimu akashusha gazeti. Kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo alilikunja kabla ya kulimaliza.

Asubuhi iliyofuata saluni haikufunguliwa. Kinyozi alipanda basi la kwanza. Njia ambayo mkewe aliikanyagia baiskeli siku tano, yeye aliipita kwa saa nne na nusu, na njia nzima hakuona mti wala kilima. Aliona mkono wa kushoto. Aliuona umeshika kidevu cha mkewe, unakiinua polepole kuelekea mwangaza, unapangusa vinywele vya sikioni. Maana ndivyo yeye alivyofanya. Alimpa Kipenga kila kitu alichokuwa akikifanya yeye, kimoja kimoja, mpaka akajionea huruma machozi yakamlenga. Kile kiapo alikikumbuka mara mbili. Mara ya kwanza alijiambia kwamba aliapa kabla ya kunyolewa, kwa hiyo hakihesabiki. Mara ya pili hakujiambia kitu.

Posta ya Kipenga ilikuwa nyumba ndogo ya ukuta mweupe pembeni mwa barabara, kaunta ya dirisha mbele, na uani chumba cha kuishi. Kipenga alikuwa dirishani anapiga mihuri, mkono wa kushoto, ta, ta, ta, huku anapiga mluzi. Nywele zake mwenyewe zilikuwa zimesimama ovyo, mvi na nyeusi, kichwa ambacho mashine haijakigusa tangu mwaka jana. Mluzi ukakatika.

"Shemeji!" alisema. "Karibu! Mbona hukusema unakuja?"

Kinyozi alishaipita kaunta. Alikuwa amemwona mkewe.

Mama Barua alikuwa upande wa nyumba, anafunga mikoba kwenye baiskeli, tayari kuondoka. Aliinua kichwa. Na Kinyozi, jamani, mume aliyesafiri saa nne na nusu roho iko juu, alikitazama kichwa kwanza, mke baadaye. Akayatazama mapanja. La kulia lilikuwa chini, mahali pake. Lililopanda lilikuwa la kushoto.

La kushoto! Mkono wa kulia!

Akatazama tena. Akageuka kumtazama Kipenga na muhuri wake wa mkono wa kushoto. Akatoa simu, akafungua picha, na kwa mara ya kwanza tangu aipokee hakuikuza. Akaiona yote. Nyuma ya bega la mkewe, kwenye ule ukuta mweupe, kulikuwa na maandishi makubwa mekundu ya posta, na yote yalikuwa yamegeuka, yanasomeka kutoka nyuma kwenda mbele. Mkewe alijipiga picha mwenyewe. Na kamera ya mbele ya simu yake, kama zilivyo nyingine nyingi, iliihifadhi sura vilevile alivyojiona, kama kioo. Mtu mzima, miaka thelathini ya vioo, kakigeuza tena kile ambacho simu ilishakigeuza.

Mtu mwenye akili angeomba radhi hapo. Angesema nilikukumbuka, nikaja. Lakini wivu ukishapanda basi haushuki njiani. Mkono wa kulia! Basi kuna mwingine, ambaye hajulikani kabisa.

"Nani kakunyoa?" aliuliza.

"Hujambo na wewe," alisema Mama Barua.

"Nani kakunyoa, mke wangu? Nakuuliza kwa upole."

Mama Barua akaingiza mkono kwenye mkoba wa mbele, akatoa mashine ndogo ya betri, iliyochubuka rangi kwa matumizi, akaiweka juu ya kiti cha baiskeli.

"Mimi," alisema. "Kofia ilikuwa inaniwasha."

"Wewe? Wewe hujui kunyoa."

"Ile miezi minane uliyokwenda kufanya kazi kwenye saluni ya tajiri mmoja mji wa mbali, ulikuwa unarudi mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Na nywele zangu ulizikuta zimefika wapi? Mgongoni?"

Kinyozi alikumbuka vizuri kwamba alizikuta fupi, na akafurahi kwamba nywele za mkewe zinakua polepole. Aliwahi hata kulisimulia saluni kama jambo la kitaalamu.

"Nilijifunza kwa kukutazama kwenye kioo," aliendelea Mama Barua. "Mwaka wa tatu wa ndoa nilikuwa naweza. Panja la kushoto hunipanda kidogo, najua, usiniambie."

"Sasa kama ulikuwa unaweza," alisema Kinyozi, na sauti yake ikawa ndogo, "kwa nini ulikuwa unakuja? Miaka yote hiyo, Jumamosi zote hizo?"

Mkewe alikaza kamba ya mkoba wa nyuma, akaijaribu kwa kidole, akaikaza tena.

"Kwa sababu ukishika kichwa changu huulizi," alisema. "Nikiingia nyumbani, nimetoka wapi. Nikicheka na simu, ni nani. Nikichelewa, nilipita njia gani. Lakini kwenye kile kiti ulikuwa unanyamaza saa nzima, Fundi. Una kichwa mikononi, umeridhika. Nilikuwa nakuja kupumzika. Ilikuwa saa moja kila wiki mbili, na ilikuwa inanitosha."

Kipenga, dirishani, alikuwa ameacha mihuri. Mwanamke mmoja aliyekuja kuchukua kifurushi alijifanya anasoma tangazo.

"Na sasa umeifuata mpaka huku," alisema Mama Barua. "Umekuja na maswali mpaka kwenye nywele. Basi, ile saa haipo tena. Kile kiti sikikalii."

"Nisamehe," alisema Kinyozi. Alisema kweli kabisa, kama alivyoapa kweli kabisa.

"Nitajaribu. Zimebaki kilomita mia na arobaini kwa Mama Miche, halafu nageuza kwa basi, baiskeli juu ya keria. Siku zikiisha nitarudi nyumbani, sijasema sirudi. Lakini nikifika mlangoni usiniulize kitu. Usiniulize nilikula nini, sembuse nilikula na nani. Swali moja tu, Fundi, na baiskeli nitaigeuza hapohapo kabla sijashuka. Unanielewa?"

"Naelewa."

"Hilo jibu nilishalisikia." Akaichukua ile mashine juu ya kiti, akairudisha mkobani. Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, akaupapasa mkono wa mumewe, mara moja, akapanda. Alikanyaga taratibu mpaka barabarani, kisha mwendo ukamkolea. Mgongo wake ulikuwa umenyooka. Kisogo chake kilikuwa kimenyolewa vizuri, na Kinyozi, aliyekuwa akikitazama kikipungua, hakuona kosa lolote la kulisema.

Kipenga alitoka na kiti na kikombe cha chai, akamkalisha chini ya dirisha la posta. Hakumkejeli. Alimwambia basi la kurudi linapita saa tisa, na kwamba alivyomjua yule mwanamke, akisema atarudi basi atarudi, cha muhimu ni kukaa kimya tu. Kukaa kimya si kazi ngumu, shemeji, alisema, hata mimi huacha mluzi nikiwa usingizini. Kinyozi akaitikia kwa kichwa. Akanywa chai. Alijiapia moyoni kwamba atanyamaza, atanyamaza hata akikuta mkewe kapaka rangi kichwa kizima, na kwa muda wa kikombe kile alikuwa ametulia kuliko alivyowahi kutulia tangu siku ya harusi.

"Na barabara ya kwa Mama Miche ni nzuri," Kipenga aliendelea, kumpa moyo. "Kuna daraja moja tu baya mwishoni. Hapo kaka yake Mama Miche atamsubiri, amvushe. Kwa hiyo usiwe na wasiwasi."

Kinyozi akaweka kikombe chini. Alikitazama kikombe, akaitazama barabara. Kipenga alimwona anavyopambana, mishipa ya shingo imemtoka, akadhani chai imempalia.

"Huyo kaka yake," alisema Kinyozi, "ameoa?"